Mlima wa jioni (Sehemu ya 9)

Baada ya ile sehemu ya chakula cha anayenyonyesha, meseji zilizonijia nyingi zilikuwa na swali moja: "Nesi, mazoezi naanza lini, na nayafanya saa ngapi mimi mwenye watoto watatu?" Hilo la kuanza lini nitalijibu kwa kifupi. Hilo la saa ngapi ndilo lenye kazi, kwa hiyo leo post ni ndefu, tafuteni mahali mkae.

Nimefanya kazi Handeni miaka minne, sasa niko Korogwe. Wanaozijua sehemu hizi mbili wanajua Korogwe mchana kulivyo. Mji uko chini, kwenye bonde la mto Pangani, milima ya Usambara imesimama pale juu inatutazama, na joto linatukalia kichwani mpaka saa 10. Handeni kuna upepo kidogo kwa sababu ni juu zaidi, lakini jua la mchana ni lile lile. Mama mwenye kichanga hatembei saa 8 mchana kwa ajili ya afya yake, tusidanganyane. Asubuhi nayo kuna chai, sare za shule, ndoo, na huyo mdogo anayetaka ziwa hapo hapo. Inabaki jioni. Na jioni yetu ni fupi. Huku kwetu jua linazama kabla ya saa 1 mwaka mzima, na likishazama dakika ishirini hivi giza limeingia. Kwa hiyo mama ana saa moja tu ya kuivizia, na ni saa ile ile ambayo ugali unasubiriwa.

Kabla sijaendelea, kuna kina mama ambao post hii siyo yao. Nilipokuwa Handeni nilikuwa naenda kliniki za mkoba vijijini. Kuna mradi wa zamani wa HTM unaovuta maji kutoka mto Pangani, lakini kilio cha maji Handeni mnakijua, na wapo kina mama wanaotembea mwendo mrefu na ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mgongoni kuna mtoto. Ukimwambia mama huyo "fanya mazoezi dakika thelathini" atakuangalia tu, na ana haki. Yeye anahitaji kupumzika, kula, na mtu wa kumpokea ndoo. Nawaandikia nyie wa mjini: wa dukani, wa cherehani, wa ofisini, walimu, manesi wenzangu tunaosimama masaa kumi lakini hatuendi popote.

Haya, unaanza lini. Ukijifungua kawaida bila tatizo, kutembea taratibu nyumbani na uani unaanza siku zile zile za mwanzo, mwili wenyewe utakuambia. Mlima subiri kwanza. Nenda kliniki ile ya siku 42, upimwe presha, uangaliwe, useme wazi unataka kuanza mazoezi. Waliofanyiwa upasuaji, msiangalie jirani ameanza lini, sikilizeni aliyewaangalia kidonda. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema hata mama mjamzito na aliyejifungua, kama hana katazo la daktari, alenge angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiasi. Zamani walikuwa wanasema kila safari isipungue dakika 10 ndiyo ihesabike. Sasa wameliondoa hilo, dakika yoyote inahesabika. Hii habari mama wa watoto wadogo aibandike ukutani.

Na maziwa hayachachi kwa mazoezi. Hili nimelirudia mpaka sauti imekauka. Mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa wala hayayaharibu. Nyonyesha kabla ya kutoka, kwa sababu tu kupanda mlima matiti yamejaa ni mateso.

Sasa kwa nini mlima? Kwa sababu tunao, na ni bure. Korogwe ukitoka mjini dakika chache tu kuna njia za vumbi zinazoanza kuinuka kuelekea Usambara, kule juu kuna Vugiri, Bungu, Dindira. Sisemi ufike huko, hiyo ni safari ya gari. Nasema ule mwanzo wa kupanda. Mwinuko unafanya kazi ambayo tambarare itakuchukua muda mrefu kuifanya: moyo unaamka, mapaja na makalio yanafanya kazi, na huhitaji kukimbia, kitu ambacho mwili uliotoka kuzaa haukipendi. Kipimo ni mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo hapo pazuri. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza. Ukiweza kuimba taarabu nzima, shoga, unatembea sokoni.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, wengi hawajui. Hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa, usishindane na mtu. Na kuna lile la aibu: mkojo kutoka wakati wa kushuka au kukohoa. Linawapata wengi baada ya kujifungua na linatibika. Bana misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, ukiwa umekaa zako unachambua mchele. Usiifanye wakati unakojoa kweli. Likiendelea, njoo tuongee, hatuchekani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kuna mama mmoja kwenye kikundi chetu, amenipa ruhusa niandike bila jina. Ana miaka 29. Mimba ya pili ilimpandishia presha vibaya, akalazwa na dalili za kifafa cha mimba, mtoto akatolewa kabla ya wakati. Wote wawili wapo hai, mshukuruni Mungu. Lakini watu wakishatoka wodini wanadhani limeisha. Mwanamke aliyepata shida hii, uwezekano wake wa kuja kuugua moyo au kiharusi miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo kwake kutembea si suala la kupunguza tumbo livae gauni la send-off. Na muda wake ni jioni tu, kwa sababu mchana anauza vitenge.

Nyumbani wakakataa. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, mwenye mtoto mchanga hapiti njiani magharibi." Mume naye akakataa, na huyo ni dereva wa bodaboda, magharibi ndiyo saa yake ya kupata abiria. Nikaenda kuwatembelea, nikijua nitakutana na ukuta.

Bibi alinipokea vizuri, akanipa maji, akanisikiliza. Sikumbishia habari ya magharibi. Mambo ya wazee mtu huyaheshimu, na hata kwa macho ya nesi magharibi ina mbu, ina nyoka. Nilimuuliza tu, "Mama, yeye akitoka, mtoto anabaki na nani?" Akacheka. "Si ndiyo hapo, nesi. Atabaki na mimi, na mimi nyonga zinaniuma, huyu kijana mzito." Hapo nikaona katazo la bibi lina mgongo unaouma ndani yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mume ndiye aliyenifundisha mimi. Aliniambia, "Dada nesi, mimi simzuii mazoezi. Namzuia barabara. Nyie hamjui sisi tunavyowaona usiku. Mtu namwona nimeshamfikia." Na mnaijua barabara yetu. Inayopita Korogwe ndiyo ya Segera kwenda Moshi na Arusha: malori, mabasi, noah, bodaboda, wote hapo hapo. Ile ya kwenda Handeni nayo tangu iwekwe lami watu wanakimbia sana. Kibao cha 50 kipo penye makazi, lakini kibao hakina mikono ya kumshika mtu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 linasema watu kama milioni 1.19 wanakufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Sisi manesi tunawapokea, hatuhitaji ripoti.

Nikawa sina jibu la siku ile. Wiki hiyo hiyo, mwenzangu niliyesoma naye uuguzi, ambaye sasa anaishi Austria, akanitumia ujumbe wa sauti akiwa anahema. Nikadhani anaumwa. Kumbe yuko mlimani, usiku, kwenye theluji! Anasema kule wafanyakazi wakitoka kazini wanavaa tochi za kichwani, wanafunga miguuni zile mbao za kutelezea zinazoitwa ski, halafu wanapanda kwa miguu yao ile miteremko ambayo mchana watu wanapandishwa na mashine. Chini ya ski wanabandika utepe wenye manyoya yaliyolala upande mmoja, unaruhusu kwenda mbele na unazuia kurudi nyuma. Zamani zilikuwa ngozi za sili, siku hizi ni manyoya ya mbuzi au ya kiwandani. Wanapanda saa moja, wanakunywa chai huko juu, wanateleza kurudi. Wengi ni kina mama, anasema, kwa sababu baba yuko na watoto nyumbani na mama ana jioni yake.

Nikamwambia, "Na gizani huko hamuogopi?" Akasema wanaogopa kitu kimoja. Miteremko ile mchana inavurugwa na watu, kwa hiyo usiku yanakuja magari makubwa yenye minyororo kulainisha theluji. Penye mwinuko mkali gari linajifunga kwa waya wa chuma uliofungwa juu, waya wa mita mia kadhaa, hata kilomita moja. Dereva yuko nyuma ya kilima, wewe humwoni, lakini waya uko karibu na wewe gizani na unaweza kuinuka au kuchapa upande ghafla. Watu wamekufa kwa waya huo. Ndiyo maana sehemu nyingi wanaweka siku: jioni fulani mteremko huu ni wa watu, jioni nyingine ni wa mashine na kibao kinasema kumefungwa. Anayepita penye kibao hana wa kumlaumu.

Hii ndiyo ikanifungua kichwa. Shida yao na yetu ni moja: mtu na mashine wanataka njia ile ile, saa ile ile, gizani. Wao kuna mtu amekaa akagawa jioni. Sisi hakuna wa kutugawia, kwa hiyo tujigawie wenyewe.

Nikarudi kwa yule mume. Nikamwomba, "Shemeji, hebu tuonyeshe unavyotuona." Akakubali, tena kwa furaha, kwa sababu nafikiri hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kumuuliza kitu anachokijua. Tulienda njia ya vumbi isiyo na magari, giza lilipoingia. Tukasimama watu watatu pembeni: mmoja na dera jeusi, mmoja amejitanda kanga nyeupe, mimi na kizibao chenye mistari ya kung'aa kama wanavyovaa mafundi wa barabara. Yeye akaja na pikipiki taratibu kutoka mbali, taa imeinamishwa, tukakubaliana akimwona mtu apige honi asimame, tuhesabu hatua.

Wa kizibao alipiga honi akiwa kule kwenye kona, hatukuhesabu hata. Wa kanga nyeupe, hatua kama 60. Wa dera jeusi, hatua 30. Hatua 30 ni kama mita 20. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa inazimaliza kwa sekunde moja na kidogo, yaani mkono haujafika vizuri kwenye breki. Aliyevaa dera alikuwa mke wake. Hakusema neno, alizima pikipiki akakaa pale kidogo. Na sisi tulinyamaza.

Tangu siku ile tunatoka hivi. Barabara kuu hatuigusi, tunaivuka tu, wote kwa pamoja, na tunaivuka kukiwa bado kuna mwanga. Tunapanda njia ya vumbi. Siku ya gulio hatutoki, maana malori ya ndizi na mboga yanashuka na madereva wamechoka. Mvua ikinyesha hatutoki, udongo mwekundu wa huku ukilowa hata mbuzi anaanguka. Masika kwa kweli tunafanyia mazoezi uani, kupanda na kushuka ngazi moja ya baraza, inachosha kuliko mnavyodhani. Penye gari lolote tunatembea upande wa kulia, tukiyatazama yanayokuja, kwa sababu Tanzania magari yanashika kushoto na lililoko nyuma yako hulioni. Mmoja mbele na kizibao, mmoja nyuma na kizibao, wa katikati kanga nyeupe. Tochi kila mtu, na tochi inamulika chini, siyo usoni kwa dereva. Inasaidia na nyoka pia, kifutu anapenda kulala njiani jioni mchanga ukiwa bado na joto. Simu hatuweki masikioni. Na hatutoki chini ya watu wanne, kwa sababu za wanawake ambazo sina haja ya kuwaeleza.

Kizibao si lazima ununue. Mmoja wetu fundi cherehani alitoa mistari kwenye begi la shule lililochanika akashona kwenye mtandio. Kimependeza kuliko cha dukani.

Na mtoto? Hili nalo lilichukua mazungumzo. Bibi alisema atamshika mtoto akiwa amekaa mkekani, habebi, na anataka apakatishwe akiwa ameshashiba. Haki yake. Baba naye alipiga hesabu ya abiria wa jioni, akasema siku mbili kwa wiki atarudi saa 11 hadi saa 1, anapoteza abiria wanne watano. Kuna watu watasema ni hela nyingi kwa ajili ya mama kwenda kutembea. Mimi nimewahi kuona hela inayotumika mtu wa nyumbani akipata kiharusi: nauli za kwenda kliniki, mtu wa kumgeuza, biashara imefungwa. Sisemi zaidi. Siku hizo mbili ugali anasonga baba, na bibi anasema unakuwa na madonge. Watakula.

Presha yake mnataka kujua. Tunaendelea kuipima. Dawa anameza kama kawaida, na naomba mtu asiache dawa kwa sababu amepanda mlima mara tatu. Anachosema yeye ni kwamba analala, na kwamba ile saa ndiyo pekee kwa siku ambayo hakuna anayemuita "mama".

Kuna dalili ambazo ukiziona hupandi, unakuja kituoni siku hiyo hiyo: damu nyingi ilianza tena baada ya kukata, kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, kifua kinabana, homa, au mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu. Huo wa mguu watu wanaufanyia masaji. Usiuchue, inaweza kuwa damu imeganda. Njoo.

Wa Handeni mlioniuliza kama kikundi kipo: wapo kina mama wa pale Chanika wameniambia wanataka kuanza. Tafuteni kwanza dereva mmoja wa bodaboda mnayemwamini, mwombeni awapimie kama shemeji alivyotupimia sisi, mkiwa na nguo zenu za kila siku. Halafu ndiyo mchague njia.

Sisi wa Korogwe, Alhamisi tunatoka saa 11 kamili, siyo na nusu, maana wiki hii jua linawahi. Mwenye mtandio mweupe wa ziada aje nao, wageni wawili wamesema watakuja na hawana.